Laptop Aliyoisifu Bilal

Guyo Roba alikuwa na miaka thelathini mnadani, na katika miaka hiyo hakuna mtu aliyewahi kumuuzia ng'ombe mbovu. Siri yake hata haikuwa siri. Alimsimulia yeyote aliyekaa naye kunywa chai. Muuzaji akimsifu mnyama, anataka kumwondoa. Akimponda, akasema huyu ana kwato mbaya, huyu hana maziwa, basi huyo ndiye anayetamani kurudi naye nyumbani. Msikilize muuzaji kwa makini, kisha fanya kinyume. Kanuni hiyo ilimpa ng'ombe wazuri, na ikampa kiburi pia, maana mtu asiyedanganywa kwa miaka thelathini huanza kuamini kwamba hadanganyiki, hata na nafsi yake.

Ijumaa hiyo hakwenda mnadani. Alikwenda Garsen mjini, kwenye duka la Bilal, kumnunulia binti yake laptop. Sadia alimaliza kidato cha nne mwaka juzi, na tangu hapo kazi yake ilikuwa kuteka maji na kutuma maombi ya kazi kwa simu. Sasa kampuni moja ya mbali ilitafuta watu wanaojua Kiorma na Kiswahili, wasikilize sauti zilizorekodiwa na kuziandika. Kazi ya kufanyia nyumbani, yenye mshahara wa kila mwezi. Ila kulikuwa na mtihani Jumamosi saa nne asubuhi, mara moja tu, na haufanyiki kwa simu. Asiyeingia saa nne amejitoa mwenyewe.

Guyo aliuza mtamba wake mwekundu bila kusita. Sadia hakuweza kuandamana naye. Mama yake alikuwa amejifungua, bado ndani ya arobaini, na yeye ndiye aliyekuwa mikono na miguu ya nyumba. Alimwambia baba yake jambo moja tu. "Aba, mweleze Bilal ni ya mtihani wa kazi. Yeye anajua. Chukua atakayokwambia."

Guyo aliitikia kwa kichwa. Chukua atakayokwambia! Mtoto amesoma, lakini soko halijui.

Bilal alikuwa kijana wa Kulesa, mtoto wa wakulima wa mtoni. Kiangazi kilichopita ng'ombe wa Guyo waliingia shamba la mjomba wake wakala mahindi yote, na maneno yaliyotamkwa siku ile si ya kurudiwa. Yaliisha mbele ya wazee, mikono ikapeanwa. Hata hivyo, Guyo alipomwona kijana anamvutia kiti na kumwita mzee wangu, alijiuliza huyu anamchekea nini.

Bilal alimsikiliza, kisha akaweka laptop mbili mezani, moja kubwa na nzito, moja nyembamba yenye kona iliyopasuka. Bei moja, elfu ishirini na tano.

"Mzee wangu, nikwambie ukweli," alisema, na hapo hapo Guyo akakaa chonjo. "Hii kubwa prosesa yake ni i7, lakini ni kizazi cha pili, ya zamani mno. Hii nyembamba ni i5, kizazi cha nane. Watu wakiona saba wanadhani imeishinda tano. Haijaishinda. Hii tano imetengenezwa miaka mingi baadaye, ina kasi zaidi, na inakula umeme kidogo. Kwenu mnatumia sola, sivyo? Ile kubwa itawamalizia betri kabla ya adhuhuri."

"Kwa nini bei iko moja?" Guyo aliuliza, akajipongeza kimoyomoyo kwa swali hilo.

"Kwa sababu hii imepasuka, na wateja wanakimbilia saba. Faida yangu ni ile ile. Lakini mitihani kama huo wa Sadia siku hizi inataka Windows ya kumi na moja, nayo haikubali prosesa chini ya kizazi cha nane. Akienda na kubwa, atakataliwa mlangoni."

Guyo aliziinua, moja kila mkono, kama anavyopima mbuzi. Nyembamba ilikuwa nyepesi, mifupa mitupu. Kubwa ilikuwa na uzito wa kuridhisha. Bilal akaziwasha. Nyembamba ilikaa kimya, kama haipo. Kubwa ilivumisha feni na kutoa pumzi ya moto. Guyo akaiwekea kiganja ubavuni, akaisikia inatetemeka. Hii ilikuwa hai.

"Hii nanguruma," alisema. "Iko nguvu."

"Inanguruma kwa sababu inachoka, mzee wangu."

Guyo nusura acheke. Alikuwa akihesabu. Kubwa ilikuwa imepondwa mara nne, na nyembamba imesifiwa mara tano.

"Mimi nachukua hii kubwa."

Bilal alishika kichwa. "Tafadhali. Tumpigie Sadia, nimweleze mwenyewe."

"Mali hapana nunuliwa na simu."

"Basi nakupunguzia nyembamba. Elfu moja. Haya, elfu mbili."

Hapo ndipo Bilal alipoharibu kila kitu. Muuzaji anayepunguza bei kabla ya kuombwa! Guyo alitoa noti zake, akaifunga kubwa ndani ya shuka, akapanda bodaboda akiwa na furaha ya mtu aliyeruka mtego.

Sadia aliipokea kwa mikono miwili. Alipoona ile saba alicheka kwa sauti, akamwita mama yake aje aone. "Bilal ndiye aliyeichagua hii?"

"Bilal alisema mengi," Guyo alijibu.

Sadia aliunganisha intaneti ya simu yake, akafungua ukurasa wa mtihani, ambao kwanza hukagua mashine. Feni ilivuma. Maandishi mekundu yakatokea. Aliyasoma, akarudia kuyasoma, na Guyo akaona cheko likimtoka usoni kidogo kidogo.

"Inasema nini?"

"Inasema hii haifai, Aba. Prosesa ni ya zamani. Wanataka kizazi cha nane."

Ni maneno yale yale. Aliyasikia dukani akiwa ameketi, akayahesabu, asiyaamini hata moja.

Alasiri ile alirudi Garsen mbio, laptop ikiwa bado na joto mapajani. Alipofika dukani hakusalimia. Macho yalikwenda moja kwa moja mezani, na mezani hapakuwa na kitu.

"Ameichukua Mwalimu Laila wa Ozi," Bilal alisema. "Saa nane. Alilipa pale pale."

Alimpigia mwalimu huku Guyo akisikiliza. Mwalimu alikuwa amekwisha fika kwao, aliitafuta laptop kama hiyo mwaka mzima, na hakutaka kuiuza wala kuiazima. Bilal akapigia saiba zote mbili za mjini. Kompyuta zao za kukodisha zilikuwa kuukuu kuliko hiyo. Yake mwenyewe ilikuwa kizazi cha sita. Nyingine ingetoka Malindi, Jumatatu.

"Jumatatu," Guyo alirudia.

"Mzee wangu, mbona hukuniamini? Nilikwambia kila kitu."

"Ndiyo sababu," alisema Guyo. "Wewe uliniambia kila kitu."

Bilal alifungua droo, akamrudishia pesa zake zote bila kukata hata shilingi. Guyo alitamani Bilal akatae. Alitamani amtukane, amkumbushe yale mahindi, amwambie na wewe uonje. Kijana alimpa tu noti zile zile, bado zimekunjwa alivyozikunja yeye, akamletea maji ya kunywa.

Usiulize Guyo alilalaje. Asubuhi alikaa mlangoni na simu yake mkononi. Pesa zilikuwa mfukoni, zimetimia; angeweza kwenda kumkomboa mtamba wake na kutembea kichwa juu, mtu ambaye hajawahi kudanganywa. Hakuna aliyemdanganya. Kama kuna mtu aliyemwibia Sadia kazi, alikuwa ameketi hapo mlangoni, na Guyo hakuwa na la kumfanya.

Binti hakumlaumu hata kwa jicho. Alimwogesha mtoto mchanga, akampelekea mama yake uji, akafagia. Kisha akatoka na ndoo, akasimama kando ya baba yake akitazama jua.

"Saa ngapi, Aba?"

Guyo aliangalia simu. Ilikuwa saa nne na dakika ishirini.

"Bado saa nne haijafika," alisema.

"Haya, Aba," Sadia alisema, akaenda kuwanywesha ndama.