Vumbi Limelala, Topista

Sikuwa na maji ndani ya pipa. Sikuwa na maziwa ya chai, wala mboga, wala hamu ya kula. Sikuwa na kikohozi chako chumba cha pili, Topista, mke wangu, maana vumbi jekundu la hapa Namakwekwe lilikushika kifua mwezi wa kwanza, ukapanda basi kwenda Jinja kwa binti yetu Brendah, ambako mto haukauki. Vumbi likabaki na mimi. Vumbi kitandani, vumbi juu ya kofia yangu ya askari magereza, vumbi juu ya picha ya harusi yetu.

"Nitarudi mvua ikirudi," ulisema. Ukaniachia kopo la mbegu, maharagwe yaliyochanganywa na majivu, wadudu wasiyaguse.

Nami sikuyagusa. Siku nyingine nilikunywa uji mtupu, nikalitazama kopo, kopo likanitazama.

Jirani yetu Ketty akacheka ng'ambo ya ua. "Afande, pika hayo maharagwe! Mama anakunywa maji ya Nile huko. Arudie nini, vumbi lako?"

"Hizi ni mbegu, Ketty."

"Mbegu za nani? Mpandaji amekwenda!"

Neno hilo lilinikaa kifuani, mpenzi, kama vumbi lilivyokukaa wewe.

Leo saa tisa mlima wetu ulijifunika wingu. Tone moja likapiga bati, la pili likajibu, kisha bati lote likaimba. Nilisimama uani na miaka yangu sabini na miwili, shati limeninata mgongoni, nikafungua mdomo kama kinda. Mvua, Topista! Mvua!

Kwenye simu sauti yangu hutoka kama ya gwaride. Kwenye karatasi hushuka. Mkono huu ulijifunza kuandika shule ya usiku, nikiwa baba wa watoto, na sioni haya kujisifu. Basi nimekuandikia barua: "Mama Brendah, vumbi limelala. Njoo upumue. Mbegu zako zote zipo. Kulima nalima, kupanda bila wewe siwezi."

Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka. Nikailowesha kwa maji yanayotiririka batini, nikaibonyeza kwa kidole.

"Afande, msalimie," Ketty akaita. "Mwambie mimi sikusema kitu!"

Kijana Wanyama, dereva wa bodaboda, ameshaipeleka barua kwenye basi la Jinja. Ukiipokea, tazama nilipoifunga: alama nyekundu ya kidole. Ni vumbi lile lile lililokufukuza. Sasa ni tope, na linakuita.