Mkono wa Mugisha Ulivyozeeka

Mugisha alikuwa anaosha sufuria ya sombe, mboga ya majani ya mhogo, jikoni kwa mama yake mjini Crystal, alipoona mvi zimeota mgongoni mwa kiganja chake cha kulia. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Alimaliza kuosha sufuria, akaipindua juu ya taulo ikauke, ndipo akamwita mama yake.

Mama yake, Générose, alikuwa anafunga viatu vya kazini. Alikuwa anakwenda kufua mashuka hospitalini. Aliushika mkono wa mwanawe, akaugeuza huku na huku kama mtu anayechagua mhogo sokoni, akaivuta kidogo ngozi ya kiwiko na kuangalia inavyorudi.

"Huu umefika thelathini na tano," alisema. "Walikuita tena jana?"

"Jana na juzi."

"Bon. Ule maharage. Mkono wa umri huo hautaki chipsi."

Akachukua funguo za gari, akaenda kazini.

Huo ulikuwa msimu wa pili wa Mugisha katika Ironwoods, timu ya besiboli yenye uwanja wake ukingoni mwa Maplewood. Alikuwa mrushaji wa akiba. Mrushaji wa kwanza huanza mchezo na kupigwa picha. Wa akiba hukaa kizimbani nyuma ya uzio, akitafuna mbegu za alizeti, mpaka mambo yaharibike. Hapo ndipo huitwa, akapanda kile kichuguu cha katikati ya uwanja, na kazi yake ni kuurusha mpira ili mpigaji wa upande wa pili aukose kwa rungu lake. Ni kazi ya kuzima moto uliowashwa na mwenzako. Huchukua dakika chache, na watu wengi hudhani dakika chache ni kitu kidogo.

Mkono wa Mugisha ulikuwa na desturi yake. Ukipewa mapumziko baada ya mchezo, ulibaki na umri wake. Ukiitwa leo na kesho, uliongeza mwaka. Ukiitwa na keshokutwa, uliongeza zaidi. Daktari wa timu alilijua hilo, kwa sababu aliupima kila Ijumaa. Kocha alilijua kwa sababu daktari alimwambia, na alisema ahsante.

Mwanzoni uzee ule ulikuwa faida tupu. Mkono wa miaka ishirini una nguvu na hauna akili. Hurusha kila mpira kwa hasira ileile. Wa miaka arobaini umeshaona watu. Mkono wa Mugisha ulijua mambo ambayo Mugisha mwenyewe hakuwa ameyaishi. Ulijua mpigaji aliyegombana na mkewe asubuhi, kwa jinsi alivyolibana rungu. Ulijua anayejifanya hana haraka. Mugisha alitaka kurusha kwa kasi, mkono ukakataa, ukauachia mpira taratibu, na mpigaji akazunguka na rungu lake mpaka akakaa chini. Uwanja mzima ulisimama.

Na yeye hakuwa mtu wa kuinamisha kichwa akishangiliwa. Kila alipopanda kichuguu alivuta pumzi na kusema, kwa Kiswahili, maneno aliyoyatunga mwenyewe:

Nimetoka milimani, sijaja kuomba njia,
Asimame uwanjani, na rungu la kutishia,
Atasikia glavuni, mpira ukiingia,
Arudi kwao benchini, apate kusimulia.

Wapigaji hawakuelewa neno hata moja, lakini walielewa. Mashabiki walijifunza mstari wa kwanza na kuuimba kwa lafudhi ya ajabu, wakiwa na bia mikononi. Fulana zenye jina lake ziliisha dukani. Jedidah, nesi Mkenya wa mlango wa jirani aliyehudumia wazee huko Oakdale, alikuwa akimsimamisha kwenye ngazi za jengo na chupa ya losheni.

"Wee Mugisha, lete huyo guka, huyo babu yako, nimpake mafuta kabla niende job. Umemwacha amekauka hivi, huna adabu?"

"Guka wako alitoa watu watatu jana, dada."

"Na wewe ulifanya nini? Ulimbeba tu."

Mkono ulipopita hamsini na tano, kanisani walianza kuupa heshima yake. Papa Thaddée, mzee wa kanisa, alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Baada ya ibada alimpita Mugisha, akainama, akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili na kuuliza habari za nyumbani.

"Papa, mimi je?" Mugisha aliuliza.

"Wewe subiri. Kwanza mkubwa wangu."

Kwenye arusi iliyofanyika Oakdale, viti vilileta shida kidogo. Kijana hakai na wazee, na mzee hakai na vijana. Wakaamua Mugisha aketi meza ya mwisho ya vijana, mgongo wake ukigusana na meza ya wazee, na mkono upite nyuma ya kiti ukae na wenzake. Uliletewa nyama kabla ya watu wote. Mugisha ndiye aliyeila, ila kwa kusubiri ruhusa.

Msimu huo, mwezi wa nane, Ironwoods walikuwa wanakimbilia kombe. Kocha alimwita Mugisha Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Alhamisi Mugisha alimfuata mlangoni pa chumba cha kubadilishia nguo.

"Kocha, mkono unaomba kupumzika. Umeingia sitini."

"Na wewe una miaka mingapi?"

"Ishirini na miwili."

"Basi nitakuita wewe," kocha alisema. "Mara moja tu, ya mwisho."

Akamwita Alhamisi, na Ijumaa, na Jumapili mara mbili. Kila mara ilikuwa ya mwisho. Ironwoods walichukua kombe. Mkono ulipoliinua mbele ya kamera ulikuwa na miaka sabini na miwili na ulitetemeka, na mtangazaji alisema kijana ameshindwa kuzuia furaha yake.

Mwaka uliofuata mkono bado ulijua kila kitu, lakini haukuweza. Ulijua mpira upite wapi. Mpira ulitoka vidoleni ukaenda kama mtu anayevuka barabara yenye barafu. Wapigaji waliusubiri. Mmoja aliupeleka nje ya uwanja mpaka kwenye maegesho, ukavunja kioo cha gari la kocha. Hata hivyo kocha aliendelea kumwita, kwa sababu warushaji wengine walikuwa wamechoka. Wale waliokuwa wakiimba mstari wa kwanza sasa walimwambia arudi milimani. Mugisha aliwatazama upande wao, mmoja baada ya mwingine, akapanda kichuguu na kusema shairi lote, mistari minne, taratibu, mpaka mwamuzi akamwadhibu kwa kuchelewesha mchezo.

Kizimbani alikaa na Duncan, mtoto wa mkulima wa mahindi wa kusini mwa jimbo, mrushaji wa akiba kama yeye. Duncan alivaa mikono mirefu hata Julai. Mwezi wa tisa alimfunulia Mugisha: wa kwake ulikuwa na sabini kasoro.

"Ofisini wameniambia ni wa kurithi," Duncan alisema. "Eti ni wa babu yangu. Nimeshasaini karatasi yao."

"Babu yako alikuwa na mkono wa namna hii?"

"Babu yangu alikuwa hana mkono wa kulia. Aliupoteza kwenye mashine ya kuvunia."

Walitafuna mbegu zao wakatazama mchezo.

Msimu ulipoisha, meneja mkuu, mtu mpole aliyeitwa Gilbert, alimwita Mugisha ofisini. Daktari alikuwepo. Mkono uliwekwa juu ya meza, juu ya mto mdogo wa kijani ulionunuliwa kwa ajili hiyo.

"Miaka themanini," daktari alisema.

"Themanini," Gilbert alikubali. Alionekana kusikitika kweli. "Mugisha, mkataba wetu ni na kijana wa miaka ishirini na mitatu. Nimeangalia tarehe yako ya kuzaliwa. Tarehe moja Januari. Mama yako je?"

"Tarehe moja Januari."

"Na mchungaji wenu?"

"Hiyohiyo."

Lilikuwa jambo la kawaida. Karani wa kambi ya wakimbizi Burundi, alipoona foleni haiishi na watu wanataja misimu ya mvua badala ya tarehe, aliwapa wote siku moja. Kanisani kwao, kila Mwaka Mpya, hukatwa keki moja ndefu na karibu kila mtu huizima mishumaa.

"Kwa hiyo tarehe ni ya kubuni," Gilbert alisema. "Na mkono haudanganyi. Ulikuja kwetu ukiwa mzee."

"Siku ni ya kubuni. Mwaka ni wangu," Mugisha alisema. "Pima mguu. Pima na huu wa kushoto."

Daktari alikuwa ameshaupima wa kushoto. Alitazama dirishani.

"Saini kwamba ulitudanganya umri," Gilbert aliendelea, "na sisi hatutalisema nje. Picha yako inabaki ukutani, na nitakupa kazi ya kufundisha vijana wetu. Ukikataa, tutatangaza wenyewe, na picha inashuka. Fikiria mpaka Jumatatu."

Mugisha alifikiria. Picha ile aliipenda. Ilikuwa kubwa kuliko mlango wa nyumba yao, na ndani yake alikuwa ameinua mguu hewani kama mtu anayetaka kuvuka mto kwa hatua moja. Alikuwa ameshawapeleka watu wengi kuitazama. Na kufundisha aliweza, kwa maana mkono ule ulijua zaidi ya makocha wote wa jimbo.

Jumapili alimweleza mama yake. Générose alikuwa anakunja nguo. Aliendelea kukunja mpaka aliposikia neno themanini.

"Mimi nina arobaini na mitatu," alisema. "Donc wewe ni papa yangu? Basi ngoja nikupigie magoti! Shikamoo, papa! Umeshiba, papa?"

"Mama, ni karatasi tu. Picha inabaki."

"Karatasi inasema nani alidanganya?"

"Mimi."

"Wewe ulikuwa na miaka mitano, ulimwambia nini karani? Aliyesema mwaka ni mimi. Nilisimama mbele ya ile meza na wewe mgongoni, umelala, umenikojolea." Aliweka shati chini. "Nilikubeba kutoka milima ya Minembwe mpaka ziwani. Mzee wa miaka themanini habebwi kwa kitenge, Mugisha. Mtu angeniona."

Alilichukua tena shati, akalikunja upya.

Jumatatu Mugisha alikwenda Maplewood. Gilbert alimpa kalamu. Mkono wa kulia ukaipokea kwa adabu, kama wazee wanavyopokea kitu wasichokihitaji, na ukaiweka mezani.

"Ukitetemeka, tumia wa kushoto," Gilbert alisema kwa upole. "Tutaikubali."

"Hautetemeki," Mugisha alisema. Na kweli, siku hiyo ulikuwa umetulia kama jiwe la kusagia. "Andika wewe, nitasaini. Andika: tuliupokea una miaka ishirini na mmoja, tukauzeesha, tukachukua kombe. Hapo nitasaini kwa mikono yote miwili."

Gilbert alisema hilo haliwezekani, wanasheria hawatakubali.

"Basi mama yangu naye hatakubali," Mugisha alisema, akavaa koti.

Tangazo lilitoka kabla hajafika Crystal. Picha ikashushwa jioni ileile, na mahali pake ikapandishwa ya Duncan, aliyekuwa amesaini, ambaye wakati huo alikuwa anakata tiketi mlangoni, glavu mkononi. Watu waliandika kwenye simu zao kwamba walishuku siku zote. Wengine waliandika kwamba walikuwepo siku ile mpigaji alipokaa chini, na hawajali mkono ulikuwa wa nani.

Mwezi wa nne mchezo wa kwanza wa msimu mpya ulichezwa, mvua ya theluji ikianguka kidogo. Mugisha alipita mlangoni; Duncan alimkatia tiketi yake, akamshika bega. Kiti chake kilikuwa cha safu ya mbele kabisa, juu ya kizimba cha warushaji wa akiba. Alikaa, akakunja mkono wa koti na wa shati mpaka begani, akaulaza mkono wake juu ya ukingo wa chuma. Ngozi ilikuwa na madoa, mishipa imetokeza, mvi zimetulia kwa baridi. Chini yake vijana sita waliovaa kofia mpya waliinua macho, wakautazama kwa muda mrefu. Mdogo wao alikuwa na miaka kumi na tisa. Alijitazama kiganja chake, akakitia mfukoni.

Mlinzi alishuka ngazi.

"Bwana, tafadhali ufunike huo. Kuna watoto hapa."

"Nimewaona," Mugisha alisema. "Hao ndio niliowaletea."

Mlinzi alisoma tiketi mbele na nyuma. Haikuwa na sharti lolote kuhusu mikono. Akapanda ngazi akarudi kwenye nafasi yake.

Kipindi cha nane mambo yaliharibika, na kocha akamwita yule wa miaka kumi na tisa. Alirusha vizuri sana. Uwanja ulisimama ukaimba jina lake. Kesho yake aliitwa tena, na keshokutwa, na kocha alimwambia ni mara moja tu.

Mugisha alikuwepo siku zote tatu, mkono juu ya ukingo. Ulikuwa na miaka themanini, afya njema, na tiketi ya msimu mzima.