Bitana ya Blanketi

Yolande alikuwa na ugonjwa wa mafundi cherehani wenye moyo: ukimpa nguo apunguze, harudishi mpaka aongeze kitu ambacho hukumwomba. Mpelekee sketi atie zipu, utaikuta na mfuko. Wateja wake wa mtaa wa Yeoville walimpendea hilo hilo, na mumewe, Égide, alikuwa akimcheka. Basi siku Égide alipomletea ovaroli yake mpya ya kazi, akataka ipunguzwe mikono na kushonwa jina la Lucky Mabena kifuani, Yolande alipunguza mikono, akashona jina, kisha kwa siri akachukua blanketi la nailoni alilomlelea binti yao Ariane, la pinki lenye picha za sungura, akalikata na kulitia ndani liwe bitana. Mji wa mafuta alikokuwa akienda Égide kufanya kazi una baridi ya kukausha midomo mwezi wa saba, na mumewe angeingia kazini kabla jua halijachomoza.

Lucky Mabena alikuwa jirani yao. Alipopata kazi Durban, alimwazima Égide kadi yake ya getini ya kiwanda cha mafuta, kwa kuwa kibali cha ukimbizi cha Égide kilikuwa kimeisha muda na kipya kilikuwa cha njoo kesho. Picha ya kwenye kadi ilikuwa imefutika kwa jasho hata ingeweza kuwa ya mtu yeyote. Kwa wiki sita za matengenezo makubwa ya kiwanda, Mrundi wetu akageuka Lucky.

Yolande alimtembelea Jumapili moja tu. Alikuta mji nadhifu, barabara pana, maua mbele ya nyumba, na juu ya yote hayo bomba refu linalowaka moto mchana na usiku. Mama mwenye nyumba alikopanga Égide alinusa upepo kwanza ndipo akaanika shuka. Wenyeji walipita chini ya ule moto wakila aiskrimu. Yolande hakula kitu siku ile, na kila jioni mumewe alipopiga simu alimuuliza swali moja, kama ile bitana inapasha joto.

"Kama niko jikoni kwetu, Mama Ariane," Égide alimjibu.

Jumatano ya wiki ya tatu, asubuhi, aliingia dukani Othmani, Mtanga mmoja mpole aliyekuwa akileta suruali za wanawe. Akaona kipande cha mkono wa ovaroli kilichobaki juu ya meza, akakiokota.

"Hiki ni kitambaa cha watu wa mafuta," akasema. "Nimekivaa miaka minne. Nani anafanya kazi kule?"

Yolande akaona pa kujisifu. Akamsimulia habari za baridi, za blanketi, za sungura. Othmani aliacha kutabasamu katikati ya hadithi.

"Umetia nailoni, Mama Ariane?"

"Nailoni ndiyo inayoshika joto, kaka."

Othmani akakaa kitini bila kukaribishwa. "Kitambaa hiki kimetengenezwa kisishike moto. Cheche ikikiangukia, inazimika. Nailoni haizimiki, inayeyuka. Tulikuwa na mwenzetu alivaa fulana ya nailoni ndani. Moto wenyewe ulikuwa mdogo, wa kupuliza tu. Ile fulana ndiyo iliyomla. Hospitali walishindwa kuibandua." Kisha akauliza polepole, "Baba Ariane anafanya sehemu gani?"

"Anawashikia vyuma wanaochomelea."

Yolande alikuwa ameshachukua simu. Iliita mpaka ikakatika, akakumbuka kwamba kule simu zinaachwa getini na hazirudishwi mpaka jioni. Alimwachia Othmani ufunguo wa duka, na hakujua kwamba futi ya kupimia ilikuwa bado inaning'inia shingoni mwake mpaka alipokuwa ndani ya teksi na abiria mmoja akamwonyesha.

Njia nzima, kwa muda wa saa mbili, alisema moyoni: Lucky, Lucky, Lucky. Asije akakosea. Akifika aulizie Lucky Mabena, aseme mtoto anaumwa, mumewe atoke nje, wavue ile takataka, arudi kazini, mtu asijue. Lakini kila alipofumba macho aliwaona wale sungura wakiyeyuka mgongoni mwa Égide. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa tangu walipokimbia kwao, na safari hii hakuwa na wa kumlaumu. Mkono wake ndio ulioshona, tena kwa mshono wa mara mbili, ili usifumuke.

Getini palinuka mayai yaliyooza. Mlinzi alikuwa mama mnene mwenye kofia ya sufu, amekaa nyuma ya kidirisha. Yolande akamsalimu kwa Kizulu chake cha sokoni, akasema kama alivyojifunza: yeye ni mke wa Lucky Mabena, mtoto yuko hoi. Mlinzi akatafuta jina kwenye kompyuta, akapiga simu ndani.

"Anakuja, mama. Subiri pale."

Ilikuwa imeshatimia, jamani. Dakika tano nyingine angekuwa ameshinda. Ndipo king'ora kilipolia.

Kilianza chini, kikapanda, kikajaza mbingu yote. Yolande akajishika kwenye uzio akapiga kelele, "Égide! Égide wangu anaungua! Mtoeni Égide!"

King'ora kikashuka, kikanyamaza. Hakuna aliyekuwa amekimbia. Mtu mmoja alikuwa akipita na baiskeli akila andazi.

"Eish, mama," alisema mlinzi. "Leo ni Jumatano. Kila Jumatano wanakijaribu." Alimtazama kwa huruma, kisha huruma ikapungua. "Na huyo Égide ni nani?"

Yolande alisema ni ndugu. Alisema ni mtoto. Alisema yote mawili kwa pumzi moja, na hapo Égide mwenyewe akatokea kwenye mlango wa chuma, mzima, kofia ngumu mkononi, jina la Lucky Mabena kifuani. Alipita mbele ya kidirisha akimkimbilia mkewe. Mlinzi akamwita kwa nyuma, kwa sauti ya kawaida tu:

"Égide."

Akageuka. Nani asingegeuka akiitwa jina lake? Mlinzi akatoa mkono nje ya kidirisha, na Égide akaiweka kadi mle kiganjani.

Yolande hakujali kadi. Alimvamia mumewe, akashusha zipu ya ovaroli pale pale mbele za watu. Ndani palikuwa na sweta kuukuu la sufu. Kando ya mshono wa ovaroli, nyuzi alizoshonea bitana zilikuwa zimekatwa moja moja, kwa uangalifu.

"Iko wapi?" alimuuliza kwa Kirundi.

"Walitufundisha habari ya nailoni siku ya kwanza. Niliitoa usiku ule ule."

"Na kila jioni unaniambia jikoni, jikoni!"

"Ulikata blanketi la mtoto kwa ajili yangu. Ningekuambiaje?"

Yolande akalia, akacheka, akampiga kifuani. Kazi imekwenda, iende, mtu yuko hai. Kisha akaona uso wa Égide haujatulia. Akarudia swali lake la kwanza kwa sauti ya chini: iko wapi?

"Nilimpa Ruphin ailalie," Égide akasema. "Yule Mkongo tunayekaa chumba kimoja. Amekuja wiki iliyopita, lile somo lilimpita. Leo asubuhi nimeona ile pinki ikichungulia shingoni mwake, ndani ya ovaroli. Nikamwambia aivue, akasema ataivua saa ya chai."

"Chai imeshapita?"

"Bado. Yuko juu, kwenye tangi, na wachomeleaji." Akamshika mkono. "Mama Ariane, naye ameazima kadi. Ana watoto wanne Bukavu. Tukimtaja tunamfukuzisha. Pengine hakuna kitakachotokea."

Pengine. Yolande alitazama ule moto juu ya bomba, na woga wote aliodhani ameutua ukarudi ulipokuwa. Alitamani sana kupanda teksi. Akaenda kidirishani.

"Mama, kuna mwingine ndani. Amevaa nailoni. Nimeishona mimi."

Mlinzi akachukua kalamu. "Jina?"

Yolande alilijua la Ruphin tu, na la Ruphin halikuwemo kwenye ile kompyuta. Akamgeukia mumewe ampe jina la kwenye kadi. Égide alikuwa akitazama viatu vyake, mpaka mlinzi akaanza kuiweka kalamu chini. Kisha akasogea.

"Andika Vusi Shongwe," akasema. "Na mwite haraka."