Hakikufika Mzizini

Nekoye alijikuna paji la uso kwa gunzi la mahindi mpaka damu ikatoka, ndipo akapata nafuu. Nyusi zilikuwa zimepukutika zote. Mahali pake palijaa vipele vigumu vyenye vishimo, kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Nje, majirani wa mtaa wa Langas walikuwa wakianika nguo na kucheka. Alipotoka na karai lake, kicheko kilikatika.

Hospitalini walimtibu mashilingi, yaani choa, kisha pumu ya ngozi, kisha wakampima ukimwi tena na tena, kana kwamba majibu yangebadilika kwa kuona haya. Wateja wa chapati zake walihama. Mama mkwe akaja kumchukua Sharon, mtoto pekee aliyeachiwa na marehemu mumewe, akampeleka Bungoma. "Mpaka upone," alisema, akiwa amesimama mlangoni.

Mwishowe alimpata daktari wa ngozi, Jepchumba, aliyegusa bila glavu kovu la kipimo cha zamani kwenye paji lake.

"Hapa nani alikukata?"

"Daktari wa kwanza. Alisema hakuna kitu."

"Kisu chake kilikwangua juu juu. Huu ugonjwa unakaa chini, kwa mizizi ya nywele."

Akakata upya kipande cha ngozi, kwa kina. Majibu yaliporudi, alivuta kiti karibu. "Ni kansa, Mama. Chembe za damu za kukulinda ndizo zimevamia vinyweleo. Ni nadra, wengi huikosa. Unahitaji mionzi. Lakini haiambukizi."

Haiambukizi! Nekoye alitoka na neno hilo moja. Pale pale kwenye veranda akapiga simu Bungoma.

"Mama, wameupata. Ni kansa, lakini haiambukizi. Nije nimchukue Sharon?"

Upande wa pili jogoo aliwika.

"Kansa? Basi wacha mtoto azoee huku mapema."

Simu ikakatika.

Alipofika kwenye chumba cha mionzi, nesi alikuwa akifunga utepe mwekundu mlangoni. "Mashine ni mpya. Mheshimiwa anakuja kuifungua leo. Hebu kaa kule nyuma, Mama, wapiga picha wanaingia."

Nekoye alisimama nyuma ya jiko la hospitali, peke yake, akisikiliza hotuba, vigelegele, kisha magari yakiondoka. Aliporudi, nesi alikuwa akitia kufuli.

"Wa kuiendesha bado hajaandikwa kazi," alisema bila kumtazama usoni. "Jaribu mwaka ujao."

Kupitia kioo cha mlango, Nekoye aliiona mashine. Ilikuwa imefunikwa nailoni vizuri, isiingie vumbi.