Aliyepunga Mikono Kwenye Meli

Bagula hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mzito tu wa kusema pole. Siku tano za juma alipanga maboksi katika ghala moja la kitongoji cha Okolona, na Jumamosi ilikuwa ya kamera yake. Arusi, ubatizo, mahafali: Wakongomani wa Louisville, Marekani, walimwita yeye.

Jumamosi moja ya Septemba alishuka ukingoni mwa mto Ohio kupiga picha ya meli kongwe ya jiji, ile ya mvuke, yenye gurudumu kubwa jekundu nyuma. Alitaka mwanga wa magharibi, jua limeshazama lakini mbingu haijawa nyeusi, taa za meli zimewaka na maji yanazirudisha. Mwanga huo haukai hata robo saa. Akasimamisha kamera juu ya miguu yake mitatu, akangoja.

Meli ikafunguliwa kamba. Abiria wakajaa ukingoni mwa sitaha, wakipunga mikono na kupiga kelele, kama wafanyavyo watu waliotoka kutembea. Filimbi za mvuke zikalia hadi kifua kikatetemeka. Bagula hakuwatazama watu. Macho yake yalikuwa kwenye gurudumu. Alipiga picha kama thelathini, na mwanga ulipokwisha akaipa meli mgongo, akafungasha vitu vyake.

Kesho yake, baada ya ibada, alizifungua kwenye kompyuta. Moja ilizishinda zote. Akaikuza aone kama gurudumu limetoka vizuri, kisha akapandisha macho hadi kwenye sitaha, akaganda. Mwanamume mmoja alikuwa ameinua mikono yote miwili, mdomo wazi, akiitazama kamera moja kwa moja. Cikuru! Ubavuni mwake alisimama msichana aliyerefuka, asiyepunga mkono. Huyo alikuwa Aksanti, binti wa Cikuru.

Bagula na Cikuru walitoka Bukavu pamoja, wakaishi kambi moja ya wakimbizi, na Louisville wakapanga nyumba ukuta kwa ukuta. Miaka miwili iliyopita, lenzi ambayo Bagula aliipenda kuliko zote ilikutwa imepasuka. Aksanti, wakati huo ana miaka tisa, alikuwa ameshinda akicheza sebuleni kwa Bagula. Mtoto alikana. Bagula akamwita mwongo mbele ya watu wa kanisa. Cikuru hakujibu neno. Mwezi huohuo akahamishia familia yake Columbus.

Hawajamaliza hata miezi miwili huko, Patricia, mke wa Bagula, alimwambia mumewe huku analia: lenzi aliiangusha yeye akipangusa kabati, na woga ukamziba mdomo. Bagula alipaswa kupiga simu siku ileile. Akasema kesho. Kesho ikawa juma, juma likawa mwaka, na kila alipoichelewesha ile pole ikazidi uzito, kama gunia lililonyeshewa.

Sasa picha ile ilimnyima raha. Alijaribu namba ya zamani ya Cikuru, haikupatikana. Jumamosi iliyofuata akaendesha gari zaidi ya saa tatu hadi Columbus, kwenye kanisa ambalo Cikuru alikuwa akisali. Mama mmoja mhudumu, Theodosia, alikuwa akipanga viti.

"Papa Aksanti?" alisema. "Walishahamia Buffalo tangu Pasaka. Mke wake alipata kazi ya kutunza wazee."

Akampa namba. Bagula akarudi kwenye gari, akafunga mlango, akapiga.

"Cikuru, ni miye, Bagula."

"Nimekutambua."

"Nimekuona kwenye picha. Ulikuwa kwenye meli."

"Tulikuja kusalimia watu, nikamleta mtoto aone ile meli. Nilikuita mara tatu, Bagula. Ukainua kichwa, kisha ukatupa mgongo. Nikamwambia mtoto, twende upande mwingine, huyu bado ana hasira."

"Sikukusikia. Naapa, zile filimbi... Na mimi ndiye mwenye kosa. Ile lenzi, Aksanti hakuigusa. Patricia ndiye aliiangusha. Unisamehe, ndugu yangu."

"Ulijua lini?"

Angeweza kudanganya. "Mwezi wa pili baada ya ninyi kuhama."

"Donc, kumbe karibu miaka miwili." Sauti ya Cikuru ilishuka. "Unafikiri mimi nilimwamini mtoto? Nilinyamaza mbele yenu kwa sababu ya aibu. Tulipofika Columbus nilimchapa, ili aseme ukweli. Akachoka, akasema ni yeye. Hata leo kitu kikiharibika nyumbani, yeye ndiye namwangalia wa kwanza."

Machozi yalimtoka Bagula. "Nipatie mtoto niongee naye," akasema hatimaye. "Au nije. Kesho niko huko."

"Hapana, usije kwanza. Mimi baba yake ndiye natangulia kumwomba msamaha, na sijui nitaanzia wapi. Wewe utakuja nikikuita."

"Utaniita?"

"Sijui, Bagula. Bon, acha nikate."

Simu ikakatika. Bagula alibaki ameshika usukani wa gari lisilowashwa, mpaka Theodosia akaja kugonga kioo, akamwambia chakula kiko tayari, asirudi Louisville na njaa. Akamfuata ndani. Alikula fufu yote aliyopakuliwa, na alipoulizwa kama amempata ndugu yake, alitikisa kichwa kuitika, akainamia sahani.