Kilauri cha Fundi Yuma

Kilauri kilipotea Jumatatu, na hapo ndipo fundi Yuma alipoanza kumkata jicho mke wake.

Kilikuwa kilauri kidogo cha kioo kizito, kimemeguka mdomoni, na kwa miaka kumi na mbili kilikaa kwenye droo ya mashini ya kushona, chini ya vifungo na nyuzi. Ndicho alichopimia lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, tangu asubuhi kabla hajatunga uzi kwenye sindano. Nyumbani kwake, mtaa wa Kamalondo, nyumba ya watu wa Maniema wanaoswali, pombe haikutajwa. Yuma aliamini hakuna anayejua. Aliamini kabisa, jamani, na mtaa mzima una pua!

Siku moja kabla, Jumapili, binti yake Najma alimwambia bila kuzunguka: "Baba, Jumamosi kwenye ndoa, kama unanuka pombe, atasimama baba mukubwa Idriss." Maneno yale yalimchoma. Baba yuko hai, halafu mtoto aozeshwe na kaka wa babake kama vile baba keshazikwa? Akaapa. Akaacha lutuku siku ileile, yote, ghafla, bila kumwambia mtu wala kuuliza mtu.

Jumatatu mikono ikaanza kutetemeka. Jasho lilimtoka mpaka shati likamganda mgongoni, na moyo ukawa unamwenda mbio hali amekaa tu. Alipofungua droo kutafuta chaki, kilauri hakikuwemo. Si wanasema mtaani kwamba anayetaka kukumaliza huanza na kitu kilichogusa mdomo wako? Na nani anaingia chumba cha mashini kila asubuhi na ufagio? Zabibu.

Halafu ugonjwa wenyewe umekuja lini? Tangu aache pombe, hajatia kitu mdomoni ila chai na uji wa Zabibu. Yeye akiugua, Idriss atasimama kwenye ndoa. Idriss ana duka, ana sauti, ana heshima, na Zabibu humwita "yaya", yaani kaka mkubwa, kwa upole ambao Yuma hakuupata siku nyingi. Basi wamepanga, akajiambia.

"Onja kwanza," alimwambia alipoletewa chai.

Kwao, anayemletea kinywaji mgeni asiyemjua huonja kwanza, mgeni aone. Mke wa miaka ishirini na tatu haambiwi hivyo. Zabibu alimtazama, akaonja, akampa. Mchana akaonja uji. Jioni akaonja maji. Hakuuliza kitu, na kutouliza kwake kulimzidishia Yuma wasiwasi. Asiye na hatia si angepiga kelele?

Jumanne akamwona dirishani akinong'ona na jirani yao Ngalula, muuguzi wa kituo cha afya. Zabibu alikuwa na kitu amekifunga kwenye ncha ya kikwembe chake, kitenge alichojifunga. Yuma alipotoka, wote wawili wakanyamaza.

"Habari, baba Najma," Ngalula akasema, akimtazama mikono.

Mikono, si uso! Yuma akarudi ndani bila kuitika. Huko akaona sisimizi wanapanda ukutani, wengi, mpaka kwenye suti aliyojishonea kwa ajili ya ndoa. Akaipangusa suti kwa kiganja, akapangusa tena. Hakukuwa na sisimizi hata mmoja. Aliogopa sana.

Jumatano asubuhi akaanguka. Alipofumbua macho yuko sakafuni, ameuma ulimi, amelazwa kwa ubavu, na Idriss amesimama juu yake na chupa ya mawese.

"Hii ni sumu! Anywe mafuta, atapike!"

"Hapana, yaya." Zabibu alikuwa amemfunika Yuma mdomo kwa kiganja. "Asikunywe kitu, atapaliwa. Tumupeleke hospitali."

"Weye unakatala dawa ya sumu? Unakatala juu ya nini?"

Yuma alisikia yote. Basi Idriss hayumo, akawaza, ni huyu peke yake! Anamzuilia dawa mchana kweupe, mbele ya ndugu yake! Alitaka kupiga kelele, lakini ulimi ulikuwa umevimba.

Hospitalini akalazwa kitandani, na dokta Liévin, kijana mwenye miwani, akavuta kiti.

"Baba, unakunywaka pombe?"

Idriss alikuwa palepale mlangoni, kofia kichwani.

"Miye? Hapana," Yuma akajibu upesi. "Sisi ni Waislamu."

Dokta akainamia karatasi aandike. Hapo Zabibu akafungua ncha ya kikwembe, akaweka kilauri juu ya meza. Kilekile, kilichomeguka mdomoni.

"Nilikichukua Jumatatu, nilipoona mikono yako," alisema, na sauti ilikuwa inamtetemeka kwa hasira. "Nikamuonyesha Ngalula, akasema dokta atauliza kipimo na weye utakatala. Nilitaka kukuambia, baba Najma. Weye ukaniambia nionje chai."

Dokta alikigeuzageuza kilauri kwenye mwanga.

"Mwili uliozoea pombe kila siku, ukiunyima ghafla, unaharibika hivi," alisema. "Kutetemeka, jasho, kuona vitu visivyokuwepo, kuanguka. Muntu anaweza kufa, baba. Ungekuja kwanza, tungepunguza polepole tukikuangalia. Sasa nataka kupima dawa, na ukinidanganya, nitakosea. Kilauri hiki, mara ngapi kwa siku?"

Yuma alimtazama Idriss, akatazama kilauri, akaishia kutazama shuka.

"Kumi na mbili. Siku zingine kumi na tano."

"Kila siku?" Idriss akauliza.

"Kila siku, yaya."

Idriss alivua kofia, akaikunja, akaivaa tena. "Atalala hapa siku ngapi, dokta?"

"Nne. Labda tano."

Jumamosi imekwenda hivyo. Yuma akafumba macho. Idriss ndiye atakayesimama, akawaza, na safari hii mwenye kosa ni yeye mwenyewe.

"Basi ndoa itangoja," Idriss akasema. "Nitaenda kwa bakwe miye mwenyewe. Siwezi kusimama pahali pa muntu iko muzima."

Muuguzi akaleta vidonge na kikombe cha maji. Zabibu, kwa mazoea ya siku tatu, akanyoosha mkono, akakipokea kikombe na kukipeleka mdomoni kwake aonje. Wala hakumwangalia mumewe. Macho yake yalikuwa mekundu. Siku tatu alikuwa ameonja kila kitu cha mtu anayemdhania muuaji, na bado alikuwa anaonja. Yuma aliona aibu. Akakishika kikombe kwa mikono yake yote miwili, maji yakimwagikia shukani.

"Acha, mama Najma," alisema. "Usionje tena."

Akameza vidonge, akanywa maji yote.