Kiraka cha Mwaka wa Tisini na Tatu

Uliza mtu yeyote pale Kaplong, atakuambia kwamba mimi, Kepher Opiyo, sipatani kabisa na magari yaliyochezewa. Niletee Peugeot ya zamani uniambie niing'oe injini yake niweke ya Kijapani, nami nitakuonyesha barabara ya kwenda Sotik, ukamtafute Gichana. Yeye hachagui kazi. Mimi nimenyoosha bodi za magari miaka thelathini na miwili, na msimamo wangu haujabadilika: gari la zamani liachwe lizeeke na uso wake.

Kwa hiyo Sista Rodah alipoegesha Peugeot 404 yake mbele ya gereji yangu, mpwa wake Vinny akiwa kando yake, alijua nitajibu nini kabla hajaniuliza. Na mimi nilijua kwamba nitamvunja moyo.

Sista Rodah ni nesi mstaafu, mzee wa kanisa, ana miaka sabini na minne na huendesha gari akiwa amevaa glavu za sufi. Gari lake ni la mwaka 1969. Alilinunua mwaka 1984 kwa meneja mmoja wa shamba la chai aliyekuwa anarudi kwao, na tangu hapo halijafanywa upya. Rangi ni ile ile ya krimu, imepauka juu ya boneti. Viti ni vile vile, vimepasuka pale anapokaa yeye. Saa ya dashibodi ilisimama saa nne na dakika kumi, na hataki iguswe. Sasa kulikuwa na maonyesho ya magari ya zamani Kericho, Jumamosi ya wiki iliyofuata, na kundi moja lilikuwa la magari ambayo hayajawahi kufanywa upya. Sista alikuwa ameshajiandikisha.

Vinny alikuwa na mawazo mengine. Anauza vipuri Kericho mjini na viatu vyake ni vyeupe hata wakati wa mvua, jambo ambalo sijawahi kulielewa.

"Anti, sikia," alisema. "Hii ndai ni noma, lakini imelala. Tuipige rangi nyeusi ile haing'ai, tuweke rim za kumi na saba, injini ya Toyota, tuishushe chini kidogo. Ukipita town, watu wote wanageuka."

"Wanageuka hata sasa," alisema Sista Rodah. "Fundi, hebu mwambie."

Nilipangusa mikono kwa kitambaa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Sista, kusema ukweli," nikaanza, "Vinny ana pointi."

Vinny mwenyewe alishtuka. Sista Rodah alivua glavu moja, akanitazama kama anayetafuta joto langu liko digrii ngapi.

"Wewe? Wewe Kepher ndio unaniambia nibadilishe hii gari?"

"Si yote. Tuanze na bodi. Tufanye upya sehemu yote ya nyuma, hasa kushoto."

"Hata tone la rangi halitaingia hapa," alisema. "Kaza breki, nitakuja kuichukua jioni." Akaondoka kwa miguu, glavu moja mkononi. Nilijiona mtu duni sana siku hiyo.

Sababu yenyewe ilikuwa kwenye fenda ya nyuma, upande wa kushoto. Hapo pana kiraka, na kiraka hicho nilikichomelea mimi mwaka 1993, mwezi wangu wa kwanza Kaplong, nikiwa kijana nimetoka Ahero na mfuko mmoja wa spana. Ni kazi mbaya kuliko zote nilizowahi kufanya. Chuma kimejaa mabonge, kingo zimeungua, na bati lenyewe nililikata kwenye kibao cha bucha iliyokuwa imefungwa hapo jirani. Juu nilipaka rangi ya kupakia lango la chuma. Rangi ya lango imekwisha kubanduka, lakini ile nyekundu ya kibao ni ngumu, haitoki, na sasa neno NYAMA linasomeka vizuri kabisa, likiwa kichwa chini miguu juu.

Kila mwaka nimemwomba Sista anipe siku mbili nikirudie bure. Kila mwaka ananiambia mwaka ujao. Muda wote huo gari lilikuwa linazunguka hapa hapa, watu wamelizoea, hakuna aliyejali. Ila maonyesho ni kitu kingine. Mafundi wote kutoka Bomet hadi Kericho wangekuwepo. Nimefundisha vijana kumi na mmoja kazi hii, na wa kwanza kufukuzwa alifukuzwa kwa sababu ya mabonge. Kiraka kile kikijulikana ni changu, ningeuweka wapi uso wangu?

Sista hakunisemesha kwa siku sita. Ijumaa akapiga simu.

"Kesho saa kumi na mbili asubuhi nitakupitia. Hizo breki ni kazi yako, zikikataa utajibu mwenyewe."

Tulipanda kupitia Litein. Jua lilikuwa limetoka mapema, wachumaji wa chai wameshaingia shambani, na 404 ilikuwa inapiga milima kwa raha zake. Ingekuwa siku nyingine ningeimba. Siku hiyo nilikuwa napanga.

Mpango wangu ulikuwa huu. Uwanja wa maonyesho ulikuwa wa shule, na upande mmoja una ua mnene wa misaiprasi. Nilishuka haraka nikaanza kumwelekeza Sista kwa mikono, njoo, njoo, kata kulia, njoo tena, mpaka ubavu wa kushoto wa gari ukaingia kabisa kwenye majani. Hata sungura asingepita hapo.

"Mbona umenibana hivi?" aliuliza.

"Kivuli, Sista. Rangi ya zamani haipendi jua."

Alinitazama tu, akatoa chupa yake ya chai. Hakunimiminia.

Watu walijaa. Kulikuwa na Land Rover mbili za mashamba ya chai, Volkswagen tano za umbo la kobe, na Anglia moja ya kijani iliyong'aa kupita kiasi. Vinny alikuja na wenzake, akapiga picha na Peugeot ya shangazi yake kana kwamba kuiacha izeeke lilikuwa wazo lake. Halafu nikamwona Gichana. Alikuwa amefunga safari kutoka Sotik, mikono mfukoni, eti anatembea tu.

Hakimu wa kundi letu alikuwa injinia mmoja kutoka Kisumu, Dorcus Akello, mama wa makamo mwenye tochi ndogo na daftari. Huyo mama alijua kazi. Alilala chini kabisa akaangalia mvungu. Alinusa viti. Alifungua mlango akaufunga ameusogezea sikio, akatabasamu.

"Sista, hii gari umeitunza," alisema. "Sasa naomba uisogeze mbele kidogo, nione ubavu huu ulioingia kwenye ua."

"Betri yake inasumbua," nikadakia. "Asubuhi tumeisukuma."

Sista Rodah alivaa glavu zake. Aliingia, akageuza ufunguo, na ile injini yenye umri wa kuwa babu ikashika mara moja. Sijawahi kulichukia gari zima kama nilivyolichukia lile kwa ile dakika.

Gari likatoka kwenye majani. Dorcus Akello akachuchumaa, akawasha tochi, halafu akainamisha shingo upande, akaiinamisha zaidi, karibu aanguke.

"N-Y-A-M-A," akasoma. "Nyama?"

Uwanja mzima ukacheka. Vinny akacheka. Mtu akauliza kilo moja ni pesa ngapi. Gichana hakucheka bado. Alikuwa anasogea karibu, anatazama zile alama za kuchomelea kwa jicho la kazi, na mimi nikarudi nyuma hatua mbili, nyuma ya mtu mnene.

Dorcus alisimama akajipangusa magoti. "Sheria yetu ni rahisi," alisema. "Matengenezo ya zamani tunayakubali, ni sehemu ya maisha ya gari. Lakini lazima nijue nani aliyafanya, lini, na kwa nini. Nisipojua, nahesabu ni bodi imeharibiwa, na gari inatoka kwenye hili kundi. Sista, nani alifanya hii?"

Nilifunga macho. Sista Rodah anakumbuka jina la kila mtoto aliyemzalisha mama yake. Hawezi kusahau.

"Sikumbuki," alisema.

Nikafungua macho. Alikuwa amesimama wima kando ya gari, glavu zake mkononi, hanitazami. Huyu ni mama anayemkemea pasta akizidisha chumvi kwenye mahubiri, na hapa alikuwa amedanganya mbele ya halaiki, mchana kweupe, kwa ajili yangu. Mtu aliyemsaliti juzi tu.

"Hukumbuki hata mwaka?" Dorcus aliuliza.

"Ni siku nyingi, mwanangu. Andika tu unavyoona."

Dorcus akashusha kalamu kwenye daftari. Nikasikia sauti inasema, "Ni mimi," na ilikuwa yangu.

Yule mtu mnene akasogea. Watu wote wakageuka. "Kepher Opiyo, Kaplong," nikasema. "Aprili 1993. Hiyo ni kazi yangu."

"Karibu, fundi," alisema Dorcus, na hakucheka. "Na kwa nini?"

"Fenda ilikuwa imeoza. Ilikunjika kwenye shimo ikawa inakata tairi. Sista alikuwa amebeba sanduku la chanjo ya surua, anapeleka Sigor, na barafu ilikuwa inayeyuka. Sikuwa na bati. Nilikata kibao cha bucha."

"Na kwa nini umekichomelea juu chini?"

"Sikuangalia. Nilikuwa naangalia maji yanavyotiririka kwenye sanduku."

Aliandika yote. Akaniuliza Kepher inaandikwaje, kisha akajaza kadi na kuibandika kwenye kioo cha nyuma: jina langu, mji, mwaka, sababu. Watu wakaanza kupanga foleni kuisoma. Gichana alisoma mara mbili, akapitisha kidole juu ya mabonge.

"Ulichomelea kwa gesi?" aliuliza. "Na bati jembamba hivi?"

"Kwa gesi."

"Moto wangu ungelitoboa lote," alisema, akaenda zake kutafuta mahindi ya kuchoma.

Tulikuwa wa pili. Ile Anglia ya kijani ilichukua ya kwanza, na rangi yake, eti ya tangu kiwandani, hainiingii akilini hadi leo. Vinny alibeba cheti cha shangazi yake uwanja mzima. Saa tisa tulishika njia ya kurudi, mimi na Sista, na tulipoteremka kutoka Litein ndipo nikapata ujasiri.

"Sista, ulisema hukumbuki."

"Aibu ilikuwa yako. Ningeisema mimi kama nani?"

"Kumbe ulijua kwa nini nilitaka ipigwe rangi."

"Kepher, wewe ulinisukuma ndani ya miti. Nani hangejua?" Akabadilisha gia. "Ungeniambia tu. Nilikasirika bure wiki nzima."

"Ningekuambia aje? Ile kazi ni mbaya, Sista. Ni mbaya sana."

"Ni mbaya," alikubali mara moja. Alipita lori la majani ya chai, akarudi upande wake taratibu, akiwa na mikono yote miwili kwenye usukani. "Nilifika Sigor barafu ikiwa bado iko. Nilichanja watoto mia moja na wanne, na hakuna hata mmoja surua ilimchukua mwaka huo. Mimi sikuwa nimekuomba urembo, Kepher. Niliomba kufika."

Nikageukia dirisha, upande wa mashamba. Nililia mpaka Kaplong, na hilo silionei haya.